Kabla Hujahamia Lamu: Mwongozo Kamili wa Kujua Kama Mji Utakufaa au Utakubana

Wanaouliza ni wengi na swali lao ni moja: je, Lamu itanifaa? Mwalimu aliyepangiwa shule ya kisiwani. Muuguzi aliyepata nafasi hospitali ya King Fahd. Kijana wa Nairobi anayefanya kazi kwa kompyuta, anayeamini kuwa popote penye mtandao ni nyumbani. Bibi arusi wa Mombasa anayemfuata mumewe. Wanakuja, wanaupenda mji, wanalipia nyumba, na kabla mwaka haujafika nusu wanalalamika: "Mji unanibana." Wengine huondoka bila kuaga.

Karibu wote walifanya jambo lile lile. Walipima upepo, bahari na kodi, lakini hawakujipima mbele ya watu. Mwongozo huu unakupa njia ya kujipima kwa wiki nne, kabla hujatoa pesa ya nyumba.

Niseme mapema ninavyoona mimi. Mavazi na uhaba wa baa haumfukuzi mtu Lamu, hayo huzoeleka. Kinachomfukuza ni kujulikana: kwamba ukitoka, ukirudi, ukinunua, ukiugua, kuna anayejua. Hatua zote zilizo hapa chini zinalipima jambo hilo.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Wiki nne mfululizo. Ukikaa wiki moja umetembea tu. Ukikaa mbili, bado unakarimiwa kama mgeni na hujaonja chochote.
- Chumba ndani ya mtaa wa wenyeji, chenye jirani ukuta kwa ukuta. Hoteli haifai kwa jaribio hili.
- Kazi yako halisi, uifanyie hapo hapo. Asiye na kazi haoni jinsi mji unavyodai muda wake.
- Nguo za heshima. Mwanamume: suruali ndefu na shati, kikoi kwa nyumbani. Mwanamke: gauni refu na mtandio. Asiye Mwislamu halazimiki kuvaa buibui.
- Mwenyeji mmoja wa kumwuliza maswali ya kijinga. Awe wa jinsia yako. Asiwe dalali wa nyumba wala mtembeza watalii, maana hao riziki yao ni wewe kuupenda mji.
- Daftari dogo. Kila usiku andika mistari miwili: leo nani amejua jambo langu ambalo sikumwambia, na nilijisikiaje.
- Ndara imara na tochi. Vichochoro vina vidaraja, mifereji na mavi ya punda, na umeme hukatika.

## Hatua ya 1: Chagua wiki za kawaida

Usije wakati wa Maulidi. Mfungo Sita Lamu hupokea wageni kutoka pwani nzima na kwingineko, Msikiti wa Riyadha hujaa, kuna mashindano ya punda na ya mashua, na kila nyumba imefungua mlango. Ni siku njema, lakini hazikuonyeshi mji wa siku zote. Kwa kuwa mwezi ni wa Kiislamu, tarehe husogea nyuma kwa takriban siku kumi na moja kila mwaka, basi angalia kalenda kabla ya kukata tiketi. Tamasha la utamaduni, ambalo kwa kawaida hufanyika Novemba, liepuke kwa sababu hiyo hiyo.

Wiki nzuri za kujaribu ni za msimu wa upepo wa kusi, hasa Mei na Juni. Mvua inanyesha, bahari imechafuka, hoteli kadhaa za Shela, kijiji cha ufukweni, zimefunga, na mji umebaki na wenyewe. Usipoichukia Lamu ya Juni, ya Januari utaipenda.

Ramadhani ina jaribio lake. Mchana sehemu za chakula hufungwa, usiku mji uko macho hadi daku. Kama unahamia kwa miaka, rudi baadaye uonje walau wiki moja ya mwezi huo.

Utajua umefaulu: ukishuka jetini hakuna anayekuuliza kama umekuja sherehe. Anakuuliza umekuja kwa nani.

## Hatua ya 2: Kaa pale ambapo watu wanaweza kukuona

Shela ni pazuri, mchanga mtupu, lakini mwenye kujipima asikae huko. Nyumba nyingi za kule zinaishi kwa wageni, nawe utakuwa mgeni mmoja zaidi. Kwa mguu ni mwendo wa dakika arubaini hivi kando ya maji. Nenda Ijumaa au Jumapili ukaogelee, urudi.

Ndani ya mji, Mkomani upande wa kaskazini kuna nyumba za mawe za zamani, baadhi zimenunuliwa na watu wa mbali wanaokuja wiki chache kwa mwaka. Unaweza kupanga katikati ya milango iliyofungwa na usimjue jirani hata mmoja. Langoni, upande wa kusini, kumejaa maduka, madrasa, watoto na kelele. Gadeni na Wiyoni kuna mchanganyiko zaidi wa watu waliohamia. Ningekushauri Langoni, au Mkomani pale penye familia.

Zitazame nyumba zenyewe zilivyojengwa, zitakufunza. Nje kuna daka lenye viti vya mawe, hapo mgeni hupiga hodi na kungoja. Ukipita mlango unaingia tekani, yaani ukumbi mdogo wa kuingilia, na kutoka hapo jicho halifiki moja kwa moja uwani. Mgeni wa kiume hupelekwa sabule, chumba cha wageni, akazungumzishwa, akanyweshwa kahawa, akaondoka bila kuwaona wanawake wa nyumba. Mji huu wa macho mengi umejengewa sitara pia. Watu wanajua uliingia saa ngapi, lakini ulichofanya baada ya tekani ni chako, mradi hukukitoa nje. Asiyeuelewa mpaka huo hulalamika kuwa hana faragha, na huku amekaa darini anapiga simu kwa sauti, jirani yuko darini kwake, ukuta wa kiuno baina yao.

Onyo: usilipe kodi ya mwaka katika wiki nne hizi, hata ukipunguziwa. Mwenye haraka ya kukuandikia mkataba wa mwaka usimwamini.

## Hatua ya 3: Toa salamu kila upitapo, kila siku

Hapa ndipo watu wengi hufeli bila kujua, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kanuni ni kwamba apitaye humsalimu aliyekaa. Tuseme ni baada ya alasiri, unatoka uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome kuelekea nyumbani Langoni. Njia kuu, Usita wa Mui, ni nyembamba kiasi kwamba punda wawili wenye magunia wakikutana, mmoja atasubiri. Barazani wazee watatu, mmoja anahesabu tasbihi. Mbele kidogo kuna muuza kahawa na dele lake, vikombe vinagongana mkononi. Kisha fundi viatu, kisha wanawake wawili mlangoni, kisha watoto watakaokuita ami au shangazi. Ukiwa Mwislamu, toa "Asalaam aleikum" ya kusikika. Kama si Mwislamu, "Hamjambo" au "Habari za jioni" inatosha, na mzee mpe shikamoo yake. Usipunguze mwendo sana, usisimame, usitazame ndani ya milango.

Baada ya salamu huja swali: "Watoka wapi?" Au, "Wenda wapi?" Hapo mtu wa Nairobi hukunja uso, anadhani anahojiwa. Jibu linalotakiwa ni fupi na la kweli: "Natoka sokoni, narudi nyumbani." Hakuna anayedai taarifa kamili.

Wiki ya pili maswali huingia ndani zaidi. Umeoa? Watoto wangapi? Wazee wako wa wapi? Wasali msikiti gani? Andaa majibu mafupi ambayo utaweza kuyarudia mwaka mzima bila kubadilisha. Usidanganye. Kaunti nzima ya Lamu ilihesabiwa watu 143,920 katika sensa ya 2019, na kisiwa hiki ni sehemu tu ya hao. Uongo wa Jumatatu utakutana nao Jumatano pale wanapouza samaki.

Lisilojibika ligeuze kwa dua au mzaha: "Niombeeni." Watacheka na kuacha, kwa kuwa hiyo nayo ni adabu inayofahamika.

Onyo kwa wavaa vipokea sauti masikioni: vitoe. Ukipita mara tatu bila kuitika, utahesabiwa mwenye kiburi, na sifa hiyo hukaa muda mrefu kuliko wewe.

Utajua umefaulu: siku ya kumi hivi, salamu zinakutoka kabla hujafikiri. Kama siku hiyo tayari umeanza kuchagua kichochoro kirefu ili usipite barazani, liandike kwenye daftari. Ni dalili nzito kuliko zote.

## Hatua ya 4: Fanya jaribio la habari

Wiki ya pili, asubuhi moja, panda boti uvuke hadi Mokowe, bandari ya upande wa bara, bila kumwambia mtu. Kunywa chai, tembea, urudi jioni. Kesho yake sikiliza. Muuza mahamri: "Jana hukuja, ulikuwa Mokowe?" Mwenye duka: "Safari ilikuwa njema?" Jirani: "Nikadhani wahama!"

Usiku fungua daftari. Kuna sentensi mbili unaweza kuandika kwa tukio hilo hilo. Moja: *Wananichunguza.* Ya pili: *Waliniulizia.* Usijilazimishe kuandika ya pili eti kwa kuwa inapendeza. Andika iliyokuja. Rudia jaribio wiki ya tatu kwa jambo jingine dogo. Nunua kitu usichonunua kawaida, au kaa ndani siku nzima.

Hilo la kukaa ndani nalipendekeza zaidi. Siku moja ya kutoonekana haina neno. Siku ya pili, mara nyingi mtu atapiga hodi, au atamtuma mtoto na bakuli la uji. Huyu aliyejua ulikwenda Mokowe ndiye huyu anayejua leo hukutoka. Hayagawanyiki hayo, huwezi kuomba la pili ukakataa la kwanza.

Lakini nisikupambie. Habari ikizunguka huchukua chumvi njiani, na umbea wa mtaa mdogo unaumiza. Wapo ambao kujulikana kwao kunawagharimu zaidi: mwanamke anayeishi peke yake, wawili wanaoishi pamoja bila ndoa, mtu anayekunywa. Na liko moja linalowashangaza wengi. Mwislamu wa kuja hubanwa kuliko Mkristo wa kuja. Mkristo husamehewa asiyoyajua. Mwislamu ataulizwa, kwa upole kabisa, mbona haonekani alfajiri. Kama hali yako ni mojawapo ya hizi, usitegemee kuwa watazoea. Pengine watanyamaza, nawe kimya hicho utakisikia kila unapopita.

## Hatua ya 5: Kwa wanawake, tafuta nyumba moja ya kuingia

Mwanamume anapata baraza siku ya kwanza, ipo njiani na haina tiketi. Mwanamke akibaki njiani ataona kuta, paka na migongo ya watu. Maisha ya wanawake yako ndani na darini: mazungumzo ya alasiri, hina, kusukana, kushona, vijembe na vicheko ambavyo mwanamume hatavisikia. Wanawake wengi wanaosema Lamu ni baridi hawakuwahi kuvuka tekani.

Mlango wa rahisi ni chakula. Ukiletewa sahani ya mahamri na mbaazi, pokea kwa mikono miwili, na usirudishe sahani tupu. Tia chochote, hata maembe mawili. Sahani ikianza kwenda na kurudi, mwaliko wa kuingia hauko mbali. Njia nyingine ni kazi: kujifunza kufuma kofia, au kusaidia watoto masomo.

Ndani utakuta uhuru ambao barabarani haukuonekana. Utakuta na kipimo kingine: uvumilivu wa kukaa saa tatu bila ajenda. Mtu aliyezoea miadi ya dakika arubaini na tano hutaabika hapo kuliko kwenye mavazi.

Utajua umefaulu: umeitwa nyumba moja kwa jina lako, na mara ya pili hukuitwa, ulikwenda tu ukapiga hodi.

## Hatua ya 6: Hudhuria furaha moja na msiba mmoja

Ndani ya wiki nne hutakosa arusi wala maziko. Nenda yote mawili, hata kwa muda mfupi.

Arusini utaona mji ulivyojipanga: wanaume kwao, wanawake kwao, shughuli za siku kadhaa. Msibani utaona deni linavyolipwa. Maziko hufanywa upesi, mara nyingi siku hiyo hiyo, na mwenye duka atafunga duka. Asiye Mwislamu asimame nje na wengine, awape wafiwa mkono wa pole. Mwanamke akae na wenzake nyumbani, kimya, mtandio kichwani. Hutakiwi kujua la kusema.

Kazi yako itakatika. Hilo ndilo unalolipima. Angalia kama ulikuwa ukiitazama saa, kama ulihisi umepokonywa alasiri yako, na ujiulize utahisi vipi ukiitwa mara nne kwa mwezi. Mwajiri wako wa mbali hatajua maana ya "jirani kafiwa." Panga saa zako za kazi asubuhi mapema, kabla ya mji kukuhitaji.

## Hatua ya 7: Pima saa za baada ya isha

Fupi hii. Usiku wa Lamu ni baraza, kahawa, dhumna, mpira wa Uingereza kwenye televisheni, matembezi ya ufukweni na kulala. Pombe ipo hoteli chache na ukinywa itajulikana. Hakuna sinema wala muziki wa kukesha, ukiondoa arusi.

Pitisha Jumamosi nne bila kutoka kisiwani. Kama kufikia ya tatu unahesabu nauli ya kwenda Malindi, kumbuka safari yenyewe: boti hadi Mokowe, kisha basi kupitia Witu, saa kadhaa, na vizuizi vya usalama njiani. Huwezi kuifanya kila wiki.

## Hatua ya 8: Jifunze kusikia "hapana" isiyosemwa

Lamu mtu mzima hakemei mgeni usoni. Ukikosea, atamwambia mwenyeji wako. Au atasimulia mbele yako kisa cha mtu mwingine, ukisikiliza vizuri utakuta mtu huyo amevaa kaptura kama yako. "Inshallah" yenye kituo baada yake kwa kawaida ni ahadi. Ikivutwa, macho pembeni, hesabu ni la.

Jaribu hivi: wiki ya tatu, mwulize mwenyeji wako, "Kuna lolote watu wamelisema kunihusu?" Akisema hakuna, uliza tena baada ya siku mbili, mkiwa wawili. Atakwambia. Ukipata lawama kwa njia hiyo na ukashukuru, unafaa. Ukiwaka moto kwa sababu hukuambiwa ana kwa ana, ishi na watu wa ana kwa ana, wako wengi.

## Hatua ya 9: Soma daftari

Wiki ya nne, kaa chini usome kurasa zote kwa mkupuo. Usihesabu siku nzuri na mbaya, bali tazama mwelekeo.

Ukikuta kero za kwanza zimepungua zenyewe (maswali, punda, sauti ya adhana ya alfajiri kutoka pande tatu kwa mpigo), ulikuwa ugeni tu. Ukikuta kero ni ile ile na inakua, kwa mfano kila wiki umeandika tena kuwa unajificha, hiyo haitatibiwa na nyumba kubwa wala mtandao wa kasi. Na ukikuta hakuna kero kabisa, shaka: huenda hukukaa mtaani, ulipita tu.

Mtu anayependa bahari na Kiswahili lakini anahitaji nafasi ya kupotea kidogo ajaribu Malindi. Kuna magari na tuktuk, Wagiriama, Waswahili, Waitaliano na watu wa bara, mitaa isiyojuana, na usiku wenye pa kwenda. Kwa wengine upweke wa Malindi ni ghali kuliko macho ya Lamu, lakini hilo nalo hupimwa huko huko, kwa daftari lingine.

## Hatua ya 10: Ukikaa, na ukiondoka

Ukikaa, ndipo utafute nyumba ya mwaka, ukiwa na mwenyeji wako, si dalali peke yake. Bei utakayotajiwa baada ya wiki nne za salamu haitakuwa ile ya siku ya kwanza.

Ukiondoka, aga. Anayeondoka kwa boti ya alfajiri kimyakimya huwaharibia wanaokuja nyuma yake. Lipa deni la dukani. Rudisha sahani zilizobaki kwako, na kitu ndani, kilo ya sukari yatosha. Pita kwa majirani muombane radhi. Ni maneno mawili, na wengine watakuuliza kilichokushinda. Waambie kweli kwa upole, hawatashangaa. Kisha pita barazani useme siku na saa unayosafiri, kwa sababu mizigo itataka mkokoteni hadi jetini, na wao ndio wanaojua hamali yupi ana nafasi asubuhi hiyo na bei yake ya haki.